Pojo Ndani ya Boksi la Simu

Mtu yeyote aliyewahi kutuma au kupokea mzigo Voi anamjua Bi. Khamisa, na kama hamjui kwa jina basi anaujua mkono wake. Ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mnene wa kiasi, buibui lake limepigwa pasi hata siku za vumbi, na kwa miaka kumi na saba amekaa nyuma ya kaunta ile ile ya ofisi ya vifurushi karibu na stendi ya mabasi. Ukimpa kifurushi haangalii mizani kwanza. Anakiweka kiganjani, anakipandisha na kukishusha mara mbili kama anayembembeleza mtoto, kisha anataja uzito. Mizani ikija kusema, inakuja kukubaliana naye tu. Wako wateja wanaomletea vitu makusudi wamjaribu, na wote hao wameondoka wakicheka. Boksi moja peke yake ndilo lililowahi kuudanganya mkono ule, na hilo lilikuwa la simu.

Jambo la pili analojulikana nalo ni ukaidi wake juu ya zawadi. Watu wa huku ni wakarimu mno. Mtu akipokea mzigo wake salama, roho haimtulii mpaka ameacha kitu pale kaunta: ndizi za milimani, miwa, chupa ya asali. Bi. Khamisa hali chakula cha mteja. Akikataa kabisa atamvunjia mtu heshima, kwa hiyo hukipokea, hushukuru sana, na kikiwa kimefungwa vile vile hukipeleka kwa mwingine mwenye haja nacho. Hafungui hata fundo. Sababu yake huisema bila kuona haya: mtu wa mizigo akishaanza kuonja, siku kitu kikipotea ataulizwa yeye. Alikuwa na haki kabisa, na ni haki hiyo hiyo iliyomponza.

Sasa, huko Kasigau ana rafiki aitwaye Wakesho, ambaye yeye humwita Mama Daisy. Huyu ni mkulima na msusi wa vikapu vya mkonge, na kwa miaka tisa vikapu vyake vimekwenda Nairobi kupitia kaunta ya Bi. Khamisa bila kupotea hata kimoja. Simu ya Wakesho si ya mapambo. Shamba lake liko ukingoni, upande ambao tembo huingilia, na yeye ndiye anayewapigia majirani na askari wa wanyamapori mnyama akionekana. Simu yake mpya ilipozima baada ya miezi mitatu tu na kukataa kuwaka kwa hali yoyote, kijiji kizima kilikuwa kama kimefungwa macho. Duka lilimwambia asiwe na wasiwasi, waranti bado ipo. Aitie simu kwenye boksi lake pamoja na risiti, aitume Nairobi kwenye kituo cha huduma, naye atatumiwa nyingine.

Siku ya Jumatano Sylus, dereva wa lile gari dogo linaloleta watu na mizigo kutoka Kasigau, aliingia ofisini na vitu viwili. Kimoja kilikuwa boksi la simu lililozungushwa selotepu hadi halikuonekana rangi. Cha pili kilikuwa kifuko cha kitambaa cha pojo, kimeshonwa mdomo, ambacho Sylus alisema ni salamu za Wakesho kwa Bi. Khamisa binafsi. Kisha akarudi garini mbio, maana abiria walikuwa wanapiga honi wenyewe.

Kanuni ya ofisi ni kufungua, kuona, ndipo kufunga. Bi. Khamisa ameisimamia kanuni hiyo hata kwa machifu na walimu wakuu. Lakini hili lilikuwa boksi la Wakesho. Alilipima mkononi, akaona uzito ni wa simu na chaja yake, akaandika "simu" kwenye fomu, akabandika stika ya ofisi juu ya selotepu na kulipakia kwenye basi la jioni. Kifuko cha pojo nacho alikipima, kwa mazoea tu. Mkono ulimnong'oneza kwamba pojo za ukubwa ule hazilali nzito namna hii. Hakuusikiliza, kwa sababu zawadi haipimwi. Aliporudi nyumbani alimkabidhi mkwewe Sumayya kile kifuko akipeleke Mraru, ambako binti ya Munir mwenye duka alikuwa anaolewa Jumamosi na wanawake wote wa ukoo walikuwa wakichangia chakula.

Ijumaa saa tatu asubuhi, watu wanne wakiwa kwenye foleni, meneja alitoka chumbani mwake na simu mkononi. Bwana Mwangangi alikuwa na miezi sita tu Voi, na miezi hiyo sita haikuwa imemtendea wema. Mwezi uliotangulia simu mbili za waranti zilipishana njiani: ya mwalimu wa Taveta ikaja kwa kinyozi wa Voi, na ya kinyozi ikaenda kwa mwalimu, na kila mmoja akamwita mwenzake mwizi kwa wiki nzima. Makao makuu yalimwandikia barua kali. Tangu hapo meneja akisikia neno waranti huacha kila kitu.

Aliiweka simu yake juu ya kaunta, mbele ya wote. Ilikuwa picha iliyotumwa kutoka Nairobi. Lile boksi la Wakesho limefunguliwa, na ndani, mahali pa simu, mmejaa pojo tele.

"Mama, hii ni nini?" aliuliza.

Bi. Khamisa alisema ni pojo. Meneja akasema anajua ni ndengu, yeye kwao Kitui wanazilima, anachouliza ni simu iko wapi. Kituo cha huduma kinataka jibu kabla ya saa saba mchana, la sivyo kinapeleka jina la aliyepokea mzigo polisi. Kisha akauliza swali ambalo Bi. Khamisa alikuwa ameshaliona linakuja.

"Uliandika hapa simu. Uliiona na macho yako?"

Angeweza kusema ndiyo. Foleni nzima ingemwamini, kwa maana miaka kumi na saba si siku mbili. Lakini hakuzoea uongo na hakuona sababu ya kujifunza uzeeni.

"Sikuiona," alisema.

Watu wanne wakatazamana. Mmoja, mama aliyekuwa na ndoo ya samli, alirudisha ndoo yake karibu na miguu. Kile kitendo kidogo cha kuvuta ndoo kilimchoma Bi. Khamisa kuliko picha. Mwangangi hapo hapo alimpigia Sylus, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Wakesho mwenyewe asingepatikana, simu yake si ndiyo hiyo inayotafutwa. Sylus akaapa kwamba boksi hakulifungua, alilifikisha kama alivyopewa, likiwa pamoja na ule mfuko wa pojo wa Bi. Khamisa.

Hapo meneja alikata simu polepole. "Kumbe ulipewa ndengu," alisema. "Simu imetoka, ndengu zimeingia. Na ndengu zilikuwa kwako." Akamwambia atoke nyuma ya kaunta, aache funguo, angoje askari.

Damu ilimpanda Bi. Khamisa kichwani. Alikuwa na mengi ya kusema na yote yalikuwa machafu, kwa hiyo aliitazama tena ile picha, kwa sababu hakuwa na pengine pa kutazama. Ndipo alipoona kitu. Pojo za kwenye boksi hazikuwa za kijani cha dukani. Zilikuwa na kijivu juu yake, kama zilizopakwa poda. Ni majivu. Watu wa Kasigau huhifadhi pojo zao kwa majivu ili wadudu wasizitoboe. Na Jumatano ile, alipokishika kile kifuko, buibui lake lilibaki na alama ya majivu kifuani ambayo aliipangusa njia nzima hadi nyumbani. Pojo za boksi na pojo za kifuko zilitoka kwenye pipa moja. Kwa hiyo aliyelijaza boksi si mtu wa Voi wala mtu wa Nairobi. Ni Wakesho mwenyewe.

Kwa nini, lakini? Mwanamke mwenye akili zake atatumaje pojo zikatengenezwe kwa waranti?

Jibu lilimjia kwa namna ya unga. Miaka mitatu nyuma Daisy, binti ya Wakesho, alikuwa chuoni hapa Voi na alisahau kitambulisho nyumbani. Mama yake alimtumia paketi ya unga wa mahindi. Daisy aliipokea kaunta hii hii, akaomba gazeti, akaumwaga unga wote juu ya kaunta mbele ya watu, akafukua kitambulisho katikati na kuanza kujipangusa. Bi. Khamisa alipomkemea kwa kuchafua ofisi, Daisy alishangaa sana. Alisema kwao kitu cha thamani husafiri ndani ya nafaka, kwa vile hakuna mwizi wa gari anayeiba kilo ya unga, na kila mtu anajua chakula kikifika kinamwagwa kwenye ungo siku hiyo hiyo. Kila mtu wa Kasigau, labda. Bi. Khamisa wa Voi hafungui zawadi.

Akakumbuka mkono wake ulivyomnong'oneza. Simu haikwenda Nairobi hata kidogo. Simu ilikuwa ndani ya pojo, na pojo zilikuwa Mraru, kwenye jiko la harusi, na saa ilikuwa imeshapita nne.

Alimwambia meneja kwa maneno machache, na meneja, ambaye hajawahi kusikia hadithi ya namna hiyo, alidhani anatafuta njia ya kutoroka. Basi twende wote, alisema Bi. Khamisa. Njiani hadi stendi ya pikipiki alimpigia Sumayya mara tano. Iliita, ikaita, ikanyamaza. Wanawake wakipika harusi simu zao hulala mikobani chumbani kwa bibi harusi, na hata serikali ikipiga haitapokelewa.

Meneja alipendekeza wapande pikipiki moja ili amwangalie. Bi. Khamisa alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa, na pendekezo likafa lenyewe. Walichukua mbili. Wenye pikipiki wa Voi hawahitaji kuambiwa mara mbili kwamba kuna haraka. Wale wawili walishika njia ya Taveta kama walioahidiwa zawadi, ya kwanza imebeba mshukiwa ameng'ang'ania buibui lisiingie kwenye gurudumu, ya pili imebeba mshitaki aliyefumba macho kila lori lilipopita. Na nitasema ukweli wake: Bi. Khamisa, pamoja na hofu yote, alijisikia msichana. Alikuwa hajatoka nyuma ya kaunta saa za kazi kwa miaka kumi na saba. Alimpiga dereva begani na kumwambia aongeze.

Nyumba ya akina Munir ilisikika kabla ya kuonekana. Uani palikuwa na meko manne, vitunguu vilivyowaliza waliovikata, na sufuria kubwa ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake. Mpishi mkuu alikuwa Mama Ishaq, mwanamke mrefu asiyetaka kuulizwa maswali karibu na moto. Sumayya alitoka mbio akidhani mtu amekufa.

"Pojo nilizokupa ziko wapi?" Bi. Khamisa alimuuliza kabla ya salamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

Sumayya alionyesha ile sufuria kubwa. Pojo zote za mchango zililowekwa tangu alfajiri, za wapishi kula mchana na wali wa nazi. Bi. Khamisa alitazama ndani. Maji, na chini yake pojo kilo kwa kilo zimeshaanza kuvimba. Akashika ukingo wa sufuria. Simu iliyoharibika kiwandani inabadilishwa, iliyozama kwenye sufuria haina waranti ya mtu yeyote. Na nani angeamini kwamba ilifika humo peke yake? Meneja alikuwa amekunja mikono, tayari anatikisa kichwa.

"Zenu za majivu sikuzitia," alisema Mama Ishaq bila kugeuka. "Nilitaka zipepetwe kwanza. Kifuko chenyewe kimekataa kufunguka, aliyekishona sijui alikuwa anashona mdomo wa chui. Na visu vyote viko kwenye nyama."

Kilikuwa pembeni, kimeegemea gunia la vitunguu. Kifuko kile kile, mdomo wake umeshonwa kwa uzi wa mkonge wa zambarau, mshono uliopinda na kurudi na kujifunga ndani kwa ndani, kama Wakesho anavyomalizia ukingo wa vikapu vyake. Sumayya aliinama kukichukua. Bi. Khamisa alimzuia kwa sauti iliyowanyamazisha wote uani.

"Asikiguse mtu wa kwangu. Mimi pia sikigusi. Bwana Mwangangi, utakikata wewe, utakimwaga wewe, na wenzangu hawa wataangalia."

Alimwambia autazame kwanza ule mshono, auguse, aseme kama umewahi kufunguliwa na kufungwa upya. Mwangangi aliugeuza huku na huku. Mama yake kule Kitui husuka vyondo, vikapu vya kwao, kwa hiyo kazi ya mkono aliijua akiiona. Alikubali kwamba haujaguswa. Bi. Khamisa akaongeza kwamba yeye hata kifungo cha buibui hushonewa na Sumayya, na Sumayya akaitikia kwa haraka mno kiasi cha watu kucheka. Mama Ishaq alitoa kisu kwenye nyama, akakipangusa, akampa meneja. Ungo ukaletwa. Wanawake waliacha vitunguu, waliacha nazi, wakaja kusimama duara.

Pojo zilimwagika na wingu dogo la majivu. Mwanzoni ni pojo tu. Meneja alitikisa kifuko. Kikadondoka kitu laini, soksi nyekundu ya mtoto iliyofungwa fundo, nacho kikatua katikati ya ungo kwa mlio ambao pojo hazina.

Meneja alifungua fundo. Ndani ya soksi mlikuwa na simu nyeusi, risiti ya duka, na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Lakini Mwangangi ni mtu wa utaratibu, alisema simu nyeusi ni nyingi nchini, lazima namba ya kiwandani ilingane na ile aliyotumiwa na Nairobi. Alifungua ujumbe wao. Sumayya akapewa simu asome ya mgongoni. Namba zenyewe ni kumi na tano.

Sumayya akasema tatu, meneja akasema tatu. Sita, sita. Tisa, tisa. Kufikia ya tano wanawake walikuwa wanaitikia naye, kufikia ya kumi walikuwa wanapiga makofi kwa kila namba, na ya kumi na tano ilipotoka na kulingana, Mama Ishaq alipiga kigelegele ambacho bibi harusi chumbani alidhani ni cha kwake. Bi. Khamisa aliketi juu ya gunia la vitunguu akalia. Hakuficha. Alilia kwa furaha, na kidogo kwa hasira, na akapangusa machozi kwa mkono wenye majivu hadi uso wote ukawa mistari.

Meneja alisoma ile karatasi kwa sauti. Wakesho aliandika: "Dada Khamisa, boksi nimelijaza pojo nikalipima lilingane, wakiiba njiani wakapike. Simu ndiyo hii. Zitoe pojo uitie wewe mwenyewe. Za kwenye boksi nazo ni zako."

Waliwapigia Nairobi pale pale, saa ikiwa sita kasoro, na Mwangangi akawaeleza mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza hawakuamini. Kisha, kabla ya kupanda pikipiki, aligeuka na kumwambia Bi. Khamisa samahani, amekosa sana.

"Samahani ya Mraru ibaki Mraru," alijibu. "Hukuniaibishia hapa."

Na ni kweli mtu huyo, pamoja na makosa yake, hakuwa mwoga. Waliporudi ofisini wawili kati ya wale wanne walikuwa bado wapo, hawangekosa mwisho wa mambo hata kwa mshahara, na mmoja alikuwa yule mama mwenye ndoo ya samli. Meneja alisimama mbele ya kaunta, upande wa wateja, akasema kwamba simu imepatikana, haikuibwa, na kwamba alimwita mwizi mtu ambaye hakustahili. Akaziweka funguo mbele ya Bi. Khamisa kwa mikono miwili. Yule mama aliinua ndoo yake akaiweka juu ya kaunta. Bi. Khamisa aliipima mkononi, akataja uzito, mizani ikakubali. Simu ya Wakesho nayo ilipakiwa jioni hiyo, safari hii imefunguliwa, imeonwa na watu wote, ndipo ikafungwa.

Simu mpya ilikuja baada ya siku kumi na mbili, na Wakesho akaja kuichukua mwenyewe kutoka Kasigau. Alisimuliwa yote. Kwanza alicheka hadi akashika kaunta. Aliposikia habari ya funguo na askari aliacha kucheka.

Bi. Khamisa alimuuliza jambo lililokuwa limemkaa rohoni siku zote hizo. Kwa nini hakuitia simu kwenye boksi kama kila mtu, akaliamini boksi?

"Boksi kila mtu analiona, dada," Wakesho alisema. "Boksi nililipatia gari. Simu nilikupatia wewe."

Bi. Khamisa alianza kutafuta selotepu, na selotepu ilikuwa mkononi mwake. Miaka kumi na saba alijilinda asije akaitwa mwizi, na siku alipoitwa, ni kwa sababu kule chini ya mlima wa Kasigau palikuwa na mtu aliyemwamini kupita kufuli.

Kabla ya kuondoka Wakesho alitoa paketi ya sukari aliyonunua mjini, akaifungua kwa meno, akaitia simu mpya ndani ya ile soksi nyekundu, aliyotunziwa na Bi. Khamisa, na kuizamisha mpaka haikuonekana. Akaifunga, akampa Bi. Khamisa aipime. Mkono ulipanda na kushuka mara mbili.

"Kilo moja ya sukari," alisema Bi. Khamisa, akamrudishia, "na simu."